Mama, Umekula?



Mpendwa msomaji, sisi ni watoto watatu wa mama mmoja, wenyeji wa Mwadui mkoani Shinyanga. Mkubwa wetu ni dada. Anayemfuata ni Frateri wa mwaka wa tatu wa falsafa, na ndiye aliyeshika kalamu. Mdogo wetu anaendesha bodaboda kati ya Maganzo na vijiji vya jirani. Tumekubaliana kuyasema haya kwa pamoja, kwa sababu jambo lenyewe lilitupata pamoja, na kosa lililomo ni letu sote.

Ukitaja Mwadui, watu hukumbuka almasi. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aliigundua hapa mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa zaidi ya karati 54, naye akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Watoto wa kwetu hukua wakisimuliwa habari za jiwe hilo ambalo hakuna hata mmoja wao aliyeliona. Sisi tulikulia nje ya uzio wa mgodi. Tulichokijua zaidi kuhusu mgodi ni njaa ya watu waliotoka huko.

Baba alitutoka mwaka 2008. Mwaka uliofuata mama alikopa sufuria mbili kubwa, akasimamisha banda la miti na mabati pale Maganzo, kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, akawa mama lishe. Waliokula kwake ni vibarua, madereva wa malori, walimu, wachimbaji wadogo, na wale vijana ambao kwetu huitwa wabeshi, wanaoingia mgodini usiku kuvizia mchanga wa almasi. Mama hakumuuliza mtu ametoka wapi. Aliuliza maswali mawili tu: "Ugali au wali?" na "Utalipa leo au niandike?" Daftari lake la madeni tunalo hadi leo, na baadhi ya walioandikwa humo wameshatangulia mbele za haki bila kulipa. Mama huwaombea.

Aliamka saa kumi alfajiri. Saa moja asubuhi chai na maandazi vilikuwa tayari, saa sita mchana ugali wa dona, maharage, dagaa wa Mwanza na mchicha. Jumamosi alipika wali na nyama. Yeye mwenyewe alikula baada ya mteja wa mwisho, akiwa amesimama, akikwangua ukoko wa sufuria. Tulipokuwa wadogo tulidhani mama anapenda ukoko. Tulikuwa tukimwachia kwa upendo.

Ada ya seminari ndogo tuliihesabu kwa sahani. Sahani kadhaa zilikuwa daftari, sahani nyingi zaidi zilikuwa godoro, na muhula mzima ulikuwa idadi ambayo mama hakupenda kuitaja. Mwaka 2020 mgodi ulisimamisha uzalishaji, soko la almasi duniani likiwa limeanguka kwa sababu ya korona. Wateja walipungua hata siku nyingine chakula kilirudi nyumbani kama kilivyotoka. Dada alikuwa amejiwekea akiba ya kwenda chuo cha ualimu. Akiba hiyo ikalipa ada ya mdogo wake seminarini, naye akasema ataenda chuo mwaka unaofuata. Mwaka unaofuata alikuwa bado bandani, akibeba sahani.

Tumeyaeleza haya ili uelewe lililotokea likizo iliyopita ya Desemba, tulipoamua kumpeleka mama mjini Shinyanga kula mgahawani. Miaka yote hiyo amelisha watu, hajawahi kuketi mahali akahudumiwa. Wazo lilikuwa la dada. Mdogo wetu alitoa mapato ya siku nne za bodaboda. Frateri alikuwa na bahasha aliyopewa na Jumuiya siku aliporudi likizo, na hapo ndipo mgogoro ulipoanzia.

Frateri alisita. Alisema fedha ya Jumuiya si ya kula samaki mjini. Mpaka hapo alikuwa na hoja, na tungeweza kulimaliza jambo hilo kwa amani. Lakini akaendelea. Muhula huo alikuwa amesoma Mtakatifu Thomas wa Akwino juu ya fadhila ya kiasi, akatueleza kwamba Thomas, akimfuata Mtakatifu Gregori Mkuu, anataja njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vya gharama, kula kupita kipimo, kula kwa pupa, na kutaka chakula kilichoandaliwa kwa madoido. Alizitaja zote tano akihesabu kwa vidole, mbele ya jiko, huku dada anasonga ugali.

Dada humwita Frateri kwa jina la nyumbani. Akimwita "Frateri," ujue amekasirika.

"Frateri," alisema, "huko kwenu mnakula kengele ikilia, kwa hiyo kabla ya wakati huwezi. Bei ya mchele huijui. Kipimo anapima mpishi. Madoido hayapo. Dhambi nne kati ya hizo tano umezuiwa na jikoni, wala si na fadhila. Imebaki hiyo ya pupa, na mimi nimekuona unavyokula."

Mdogo wetu alicheka mpaka akatoka nje. Frateri hakucheka. Usiku ule alitoa nusu ya kilichokuwa kwenye bahasha, na asubuhi akaenda kumweleza mwenyekiti wa Jumuiya, mama wa makamo anayemfahamu tangu akiwa mtoto wa Utoto Mtakatifu. Mwenyekiti alimsikiliza, kisha akamuuliza tu, "Mama yako anapenda samaki?" Frateri akagundua kwamba hajui.

Tulisafiri kwa Hiace siku ya Jumatatu, siku ambayo bandani watu si wengi. Mama alivaa kitenge chake cha WAWATA, kile cha sikukuu. Mgahawani alikaa pembeni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Alipoletewa orodha ya vyakula aliisoma upande wa bei tu. Samaki wa kupaka, sato mzima, shilingi 18,000. Sahani ya mama bandani ni shilingi 2,000.

"Hizo ni sahani tisa," alisema taratibu. Tukamwambia leo hakuna kuhesabu.

Akaja mhudumu, binti mdogo, na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni la kunawia. Alipofika mbele ya mama, mama aliinuka na kunyoosha mikono alipokee lile jagi. Hakufanya makusudi. Mikono yake ilijiendea yenyewe kwa mazoea ya miaka mingi. Binti akarudi nyuma hatua moja, akasema kwa heshima, "Kaa mama, mimi ndiye nakunawisha." Mama akaketi. Maji yalipomwagika juu ya viganja vyake alivitazama kama vya mtu mwingine. Hakuna kati yetu aliyeweza kusema neno.

Kisha samaki akaja. Alikuwa amechomwa juu ya makaa, amekatwa mikato ubavuni, amepakwa mchuzi mzito wa manjano uliokaukia kidogo kwenye kingo. Mama hakula mara moja. Alichukua mchuzi kidogo kwa ncha ya kidole, akauonja, akausaga baina ya kidole gumba na cha shahada. "Kuna tangawizi," alisema. "Kitunguu saumu. Ndimu wameitia mwishoni. Na nazi, nazi nyingi." Kisha akala. Alikula upande mmoja, akamgeuza samaki, akala wa pili, akafyonza kichwa, mifupa akaipanga kando ya sahani kama kuni. Tulikuwa tumejiandaa kwa lile jambo ambalo akina mama wote hufanya, la kula robo na kuomba mfuko wa kubebea. Mama hakuomba mfuko. Alimaliza. Tukamwona, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu, anafurahia chakula bila kumwangalia mtu mwingine kama ametosheka.

Alipotambua kwamba tunamtazama, aliona haya kidogo. Kisha akaomba kumwona mpishi.

Alitoka kijana mwembamba, anajifuta mikono kwa aproni, ana wasiwasi kwamba labda kuna malalamiko. Mama alimshukuru, akamuuliza habari za tui na makaa, naye akajibu bila kuficha. Halafu mama akauliza swali ambalo sisi hatukulitazamia.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado, mama. Wateja kwanza."

Mama akatikisa kichwa. "Najua," alisema.

Katika Hiace ya kurudi mama alisinzia dirishani. Dada akasema kwa sauti ya chini, "Nani kati yetu amewahi kumuuliza mama swali lile?" Tulipita vijiji kadhaa bila jibu. Tulikuwa tumeuliza mengi: kuna chakula gani, kimebaki, naweza kuongeza, nauli ipo, ada imepatikana. Tulikuwa tumemshukuru, tumemwombea, Frateri amemtaja mara nyingi katika sala za watu. Lakini swali hilo dogo, ambalo mpishi mmoja alimuuliza mpishi mwenzake katika dakika tano za kufahamiana, sisi hatukuwa tumelifikia kwa miaka mingi.

Frateri alirudi kwenye vitabu vyake, safari hii akisoma kurasa alizokuwa ameziruka. Alikuta kwamba Aristotle, katika Maadili ya Nikomako, anapoeleza kiasi anataja makosa mawili, siyo moja. Kuna mtu anayepitiliza katika anasa za kuonja na kugusa, na kuna anayepungukiwa. Huyu wa pili, asema Aristotle, ni adimu hata hana jina rasmi. Twaweza kumwita asiyehisi. Mtakatifu Thomas anakubaliana naye. Anafundisha kwamba Mungu ameweka furaha katika matendo yanayotunza uhai, na kwamba kuikataa furaha hiyo bila sababu njema ni kasoro, si utakatifu. Anayefunga kwa ajili ya sala, toba au afya anafanya jambo la kusifiwa. Anayedharau chakula kwa sababu tu hajui kimetoka wapi hana cha kusifiwa.

Hapo Frateri alikiri mbele yetu jambo ambalo tunaliandika kwa ruhusa yake mwenyewe. Alisema kwamba alichokiita kiasi chake kilikuwa, kwa sehemu kubwa, kutoona. Chakula kilifika mbele yake kama mvua inavyofika. Hakukifurahia sana na hakukilalamikia, akadhani hiyo ni fadhila. Kumbe mama, aliyefyonza kichwa cha sato mbele ya watu, ndiye aliyekuwa na kiasi kweli: alifurahi kikamilifu, na furaha yake ilimfanya amkumbuke aliyepika, badala ya kumsahau.

Tangu hapo tumeisoma kwa namna mpya sura ya 21 ya Injili ya Yohane. Mitume wametoka kuvua usiku kucha pasipo kupata kitu. Bwana mfufuka amesimama ufukweni, na jambo la kwanza analowauliza ni kama wana kitoweo. Wanapofika nchi kavu wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Ameshinda mauti, naye anapika kifungua kinywa. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tunaoijua harufu ya sato juu ya makaa, hatuna haja ya kuelezwa sana maana yake. Ni mahubiri ya mama lishe: umekula, mwanangu?

Baada ya safari ile, mama alitangaza kwamba tutampika samaki yule nyumbani. Tatizo lilikuwa nazi. Kwetu nazi husafiri kutoka pwani, na ikifika Shinyanga bei imepanda na maji yamepungua. Mama akafikiri siku mbili, akasema, "Sisi ni Wasukuma. Tuna karanga." Bibi zetu walipika nsansa kwa karanga, mboga za majani kwa karanga, hata michembe walikula na karanga pembeni. Kwa nini samaki wa pwani asipakwe karanga za Kishapu?

Jaribio la kwanza lilitushinda. Tulinunua sato gulioni, tukawaweka kwenye waya wangali na maji. Wakagandia, na tulipowageuza nusu ya nyama ilibaki juu ya waya. Karanga tulizitia mbichi, zikazama chini ya sufuria na kuungua. Ndimu tuliitia mapema, mchuzi ukakatika. Mdogo wetu alisema chakula kile kingefaa kuzibia mashimo ya barabara. Tulikila hivyo hivyo, kwa sababu kwetu chakula hakitupwi.

Jaribio la pili tulilifanya mkesha wa Mwaka Mpya, na tunakupa mpishi wake kama ulivyo, ukipenda nawe ujaribu. Chukua sato mzima, msafishe, mkate mikato mitatu kila upande. Msugue kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na ndimu kidogo, umwache saa moja. Kisha mkaushe kwa kitambaa safi na umpake mafuta, na waya nao uupake mafuta. Makaa yawe yamekolea, yasitoe mwali. Karanga zikaange taratibu bila mafuta, zimenye maganda, zitwange mpaka ziwe laini, uzikoroge kwa maji ya vuguvugu na kuchuja. Kaanga kitunguu maji, nyanya, bizari na pilipili moja nzima, mimina tui lako la karanga, punguza moto, na usiache mwiko hata dakika moja mpaka mchuzi uwe mzito. Epua, ndipo ukamulie ndimu. Mpake samaki pande zote, mrudishe kwenye makaa mpaka mchuzi umshike, umpake tena.

Siku ile tulimwekea mama kiti uani na kumkataza asiinuke. Aliketi, lakini ulimi hatukuuweza. "Geuza! Geuza! Huo mwiko umelala! Nani kakufundisha kukata kitunguu hivyo?" Frateri ndiye aliyekuwa kwenye makaa, machozi ya moshi yakimtiririka, na dada alimwita kwa jina lake la nyumbani. Mdogo wetu alileta jagi na beseni. Mama alinyoosha mikono, safari hii viganja vikiwa juu, akanawishwa.

Tulimwekea yeye kwanza, na tukasimama tukingoja. Alionja. Sisi tulikuwa kimya kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Chumvi imepungua," alisema. Kisha akala samaki mzima. Watoto wa jirani walifika kwa kufuata harufu, wakaketishwa mkekani, na sato wanne wakatosha watu tisa, hatujui kwa hesabu gani. Kizuri kula na nduguyo. Mwisho kabisa dada alikwangua sufuria, akatenga ukoko wa ugali kwenye sahani, akamletea mama kwa mazoea. Mama akaucheka.

"Wanangu, mimi ukoko siupendi," alisema. "Sijawahi kuupenda."

Hatutaisahau sentensi hiyo.

Siku hizi, kila Jumamosi, bandani Maganzo kuna samaki wa karanga, na madereva huuliza kama bado yupo kabla hawajazima injini. Dada ameweka kigoda kimoja ambacho si cha wateja. Saa saba mchana, wateja wawe wengi au wachache, mama hukaa juu ya kigoda hicho na kula sahani yake yenye moto. Mwaka huu dada ameanza tena kuweka akiba ya chuo, na sisi wawili tumekubaliana kila mmoja aweke sehemu yake. Ya Frateri ni ndogo, lakini anaitoa kwa uaminifu.

Yeye amerudi seminarini. Kengele inalia kama zamani, na chakula kinafika mezani. Tofauti ni moja: amejifunza majina ya wapishi wetu, na siku za zamu yake ya kuosha vyombo huwauliza kama wamekula. Mara nyingi hujibu kwamba bado.

Mpendwa msomaji, Dominika hii ukitoka Misani, huenda utakwenda kula mahali na familia yako, au utajaribu mpishi mpya nyumbani. Furahia. Mshukuru Mungu kwa ulimi aliokupa na kwa mikono iliyokupikia. Lakini kabla hujanawa, angalia aliyesimama jikoni, umuulize lile swali dogo. Na akikujibu kwamba bado, mvutie kiti.